Kijito Kilikuwa na Maji Siku Aliyosema

Shamba lile nililinunua kwa sababu ya sentensi ya maneno manne: "Kijito hiki hakijawahi kukauka." Aliitamka mwenye shamba mwenyewe, mwezi wa pili, amesimama juu ya jiwe pana katikati ya maji, suruali ameikunja hadi magotini. Pembeni yake mjukuu wake alikuwa akichota maji kwa kopo na kuyamwaga, anachota tena, anamwaga tena. Maji yalimfika mtoto kwenye vigimbi. Nakumbuka ubaridi wake maana na mimi nilivua viatu nikaingia.

Mimi ni mtu wa miche. Kwa miaka 11 nimeotesha michungwa na miti ya kivuli kwenye maeneo ya kukodi, na kila mara nimehamishwa pale mwenye eneo anapoamua kujenga. Mche ukiwa kwenye kiriba, kile kimfuko cha udongo, hauna mizizi ya kwenda kujitafutia; unakunywa unachopewa. Ukiukosesha maji siku mbili za jua kali, siku ya tatu unaokota vijiti. Ndiyo maana nilipoanza kutafuta shamba langu mwenyewe sikuuliza kwanza habari ya barabara wala umeme. Niliuliza maji.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimwandikia yule mzee ujumbe kwenye simu: "Mzee, nimefurahi sana kusikia kijito hakikauki. Kwa kazi yangu ya kitalu hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote." Akajibu: "Karibu sana mwanangu." Niliandika kwa furaha tu, sikuwa na hesabu yoyote kichwani. Baadaye ujumbe huo ndio ulionibeba.

Nataka niseme wazi kwamba sikununua kwa pupa, maana wengi wanaosikia habari hii huanza na swali hilo. Nilikwenda ofisi ya usajili nikapekua daftari: jina lilikuwa lake, hapakuwa na deni la benki juu ya hati wala zuio la mtu yeyote. Nilimleta mpima, tukatembea mpaka mzima tukitafuta vigingi, vyote vinne tukaviona. Nilikodi wakili. Yote hayo yalikuwa sawa, na hakuna hata moja lililogusa maji. Mfumo wa daftari la ardhi ambao nchi nyingi zinautumia, ule ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858 kwa juhudi za Robert Torrens, unakwambia nani mwenye shamba na nani anamdai. Habari za nani ameruhusiwa kuchepusha maji huko juu, mahali pengi, ziko ofisi nyingine kabisa, na mimi sikujua kwamba kuna ofisi hiyo.

Tulitia saini mwezi wa tano. Mwezi wa saba maji yakaanza kupungua. Kwanza nilidhani ni kiangazi. Kisha jiwe lile pana likawa linakanyagika bila kulowana, kisha kukabaki vidimbwi, na asubuhi moja nikakuta changarawe tupu na samaki wadogo wamekufa chini ya majani. Nilikuwa na miche 400 tayari shambani.

Nikafuata mkondo kwenda juu. Mwendo wa kama nusu saa nikakuta ukuta mpya wa saruji umekatiza bonde, na bomba nene linaingia kwenye shamba la jirani. Mwenyewe alinipokea kwa heshima, akanikalisha, akaniletea jalada. Kibali alikuwa nacho. Na ndani ya jalada lile kulikuwa na nakala za barua alizowapelekea wote wenye mashamba kandokando ya kijito, kuwaarifu kwamba ataziba na kuchepusha. Kila nakala ilikuwa na saini ya aliyeipokea. Saini ya mzee aliyeniuzia ilikuwa pale, imewekewa tarehe ya mwezi wa nne.

Mwezi wa pili alisema. Mwezi wa nne alipokea barua. Mwezi wa tano tukasaini. Nilikaa kwenye kiti cha yule jirani nikiihesabu miezi kwa vidole kama mtoto wa shule.

Ndugu na marafiki wote walikuwa na neno moja: umetapeliwa. Walilisema kwa upendo, lakini neno lile lilinichelewesha karibu wiki tatu. Maana ukishasema mtu ni tapeli, unaanza kumchunguza yeye, unaacha kuchunguza jambo. Nikawa nauliza majirani kama amewahi kumdhulumu mtu, nikawa nakumbuka jinsi alivyocheka, nikawa najiuliza kama yule mtoto na kopo lake waliwekwa pale makusudi.

Hilo la mtoto lilinisumbua zaidi nilipokuja kusoma kisa kimoja cha kale, alichokiandika Cicero, yule mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristo. Bwana mmoja wa Kirumi, Canius, alikwenda Syracuse, mji wa pwani wa kisiwa cha Sicily, kupumzika, akawa anasema hadharani kwamba anatamani kununua bustani ya kustarehe na rafiki zake. Mtu wa biashara ya fedha wa mji ule, Pythius, akamwambia bustani anayo, haiuzi, lakini karibu kesho tule. Kisha akawaita wavuvi, akawaagiza kesho yake wavue mbele ya bustani yake. Canius alipofika akakuta mitumbwi imejaa, kila mvuvi anakuja kutupa samaki miguuni pa Pythius. "Kulikoni?" akauliza. Akaambiwa samaki wote wa mji wako hapa, maji ya mji yanatoka hapa, watu hawa hawawezi kuishi bila bustani hii. Canius akabembeleza auziwe, akalipa alichotajiwa. Siku ya pili akawaalika rafiki zake, akatazama baharini: hakuna hata kasia moja. Akamuuliza jirani kama leo ni sikukuu ya wavuvi. Jirani akamjibu kwamba ajuavyo yeye siyo, hawana kawaida ya kuvua hapa. Hata jana yeye mwenyewe alishangaa kulikoni.

Nilikisoma kisa kile usiku mara tatu. Na kila mara nilimwona yule mtoto na kopo lake. Lakini nilipolala nikaamka, niliona ninamdhulumu mzee wa watu. Mtoto alikuwa anacheza. Maji yalikuwa yake, siku ile yalikuwepo kweli, na yangekuwepo hata kama mimi nisingefika. Mvuvi wa Pythius alikodiwa. Kijito cha mwezi wa pili hakikukodiwa na mtu. Kama kuna kosa, halikuwa siku ile.

Wakili niliyemwendea baada ya hapo (siye yule aliyeandika mkataba) hakuniuliza hata mara moja mzee ni mtu wa namna gani. Alinipa karatasi, akasema, "Mama, niandikie maneno yake. Usiniandikie ulivyoyaelewa, niandikie maneno." Niliona kama ananisumbua. Nilikaa nayo saa nzima, nikimpigia simu mdogo wangu tuliyekwenda naye, kila mmoja akikumbuka upande wake. Mwishowe zikatoka sentensi nne. Kijito hiki hakijawahi kukauka. Hapa miche elfu kumi inaingia bila shida. Udongo huu ukipanda hata fimbo inaota. Barabara hii nayo wataipanua.

Alichukua kalamu akafuta tatu.

Ya fimbo aliifuta kwanza. Ile ni sifa ya muuzaji, akasema, na mahakama tangu zamani haziipimi kama ushahidi. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1866, Dimmock na Hallett, ambamo ardhi ilinadiwa kuwa ina rutuba sana na inaweza kuboreshwa, na majaji wakaona hayo ni maneno ya mnada tu. Lakini katika kesi hiyohiyo waliyavunja mauzo kwa sababu nyingine: tangazo lilisema mashamba fulani yamepangishwa kwa wapangaji waliolipa kiasi fulani, bila kusema kwamba wapangaji hao walikwisha kutoa taarifa ya kuhama. Kila neno lilikuwa kweli. Lililonyamaziwa ndilo lililoyageuza yote.

Ya miche elfu kumi nayo ikaenda. Hapa nilibisha, maana niliitegemea kweli. Akanieleza kesi ya New Zealand iliyofika Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufani ya New Zealand wakati ule, mwaka 1927. Bisset alimuuzia Wilkinson ardhi, akamwambia kwa mawazo yake inaweza kubeba kondoo 2,000. Haikubeba. Lakini Bisset hakuwa amefuga kondoo katika eneo lile zima, na Wilkinson alilijua hilo. Kwa hiyo kilichosemwa kilikuwa maoni ya mtu asiye na ujuzi wa jambo lenyewe, na maoni yanayotolewa kwa unyofu hayavunji mkataba hata yakikosea. "Mzee wako amewahi kuotesha miche?" akaniuliza. Hajawahi, na nilijua. Ya barabara hakuieleza hata kidogo. Wataipanua akina nani, na lini?

Ikabaki ya kijito. Juu yake wakili aliandika tarehe tatu, zile nilizozihesabu kwa vidole.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hasa nilitaka kuliandika leo, kwa ajili ya mtu yeyote anayekaa na hasira kama nilivyokaa mimi. Sikuwa na haja ya kuthibitisha kwamba mzee ni mwovu. Kuna njia hiyo, ya udanganyifu wa makusudi, na mlango wake ni mwembamba: katika Derry na Peek, mwaka 1889, mabwana wa mahakama ya juu ya Uingereza walisema lazima uonyeshe kwamba aliyesema alijua ni uongo, au hakuamini kuwa ni kweli, au hakujali kama ni kweli ama uongo. Yaani uingie moyoni mwa mtu. Lakini kurudisha shamba na kurudishiwa fedha ni jambo jingine. Kwa sheria zenye asili ya Kiingereza inatosha kwamba alisema jambo la hakika, jambo hilo si kweli, na wewe ulinunua kwa kulitegemea, hata kama yeye mwenyewe alidhani ni kweli. Kwa wiki tatu nilikuwa nabishana na tabia ya mtu, kumbe kesi yangu yote ilikuwa ndani ya maneno manne.

Sasa, mzee alikuwa na jibu, na ni jibu la haki kusikilizwa. Tulipompelekea barua ya madai alijibu kwa mkono wake: "Nilisema hakijawahi kukauka, na hakikuwahi. Sikusema hakitakauka." Mtu anaweza kukaa na sentensi hiyo siku nzima. Kwa lugha yetu tofauti iko wazi kabisa, kiambishi kimoja tu: *-ja-* inazungumzia yaliyopita, *-ta-* yajayo. Hakuahidi chochote. Nilipoisoma nilihisi ardhi inanitoka tena chini ya miguu.

Wakili alinionyesha mambo mawili. Kwanza, mtu anayejua hali ya jambo kuliko mwenzake, akitoa maoni juu yake, mara nyingi anakuwa pia amesema kwamba anajua mambo yanayoyaunga mkono maoni hayo. Hayo yalisemwa na Jaji Bowen mwaka 1884, katika kesi ya hoteli iliyouzwa ikiwa na mpangaji aliyesifiwa kuwa wa kutamanika sana, kumbe alikuwa akilipa kodi kwa kusukumwasukumwa. Pili, na hili ndilo lililonifanya nivute pumzi, neno la muuzaji haliishii siku alipolitamka. Linaendelea kusema hadi siku ya saini. Mwezi wa kwanza mwaka 1934 daktari mmoja huko Uingereza, O'Flanagan, akiuza kazi yake ya udaktari, alisema inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka. Ilikuwa kweli. Kisha akaugua, wagonjwa wakaenda kwingine, na mwezi wa tano mkataba uliposainiwa kulikuwa hakuna cha maana kilichobaki. Hakumwambia mnunuzi. Mwaka 1936 Mahakama ya Rufani iliutengua mkataba ule: aliyesema kweli ikageuka, analo deni la kurudi na kusema imegeuka.

Mwezi wa kwanza hadi wa tano. Mimi ni mwezi wa pili hadi wa tano. Sikuamini.

Waingereza waliliandika hata kwenye sheria yao ya mwaka 1967: kama muuzaji anataka kukwepa fidia, ni yeye athibitishe kwamba alikuwa na sababu za kuamini alichosema, na kwamba aliamini hivyo hadi wakati mkataba unafungwa. Wafaransa nao, tangu waifanyie marekebisho sheria yao ya mikataba mwaka 2016, kifungu cha 1137 kinahesabu kuwa ni hadaa mtu kuficha makusudi habari anayojua ni ya uamuzi kwa mwenzake. Mzee aliijua. Ujumbe wangu wa simu ulikuwa kwake tangu mwezi wa pili: "hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote."

Palikuwa na kifungu kwenye mkataba, cha tisa, nilichokisaini bila kukitafakari: mnunuzi amelikagua shamba na ameridhika nalo. Upande wake walikishika hicho kwa mikono miwili. Ningeweza kufuatilia, walisema. Ningeweza kwenda ofisi ya maji. Ningeweza kupanda bondeni mwenyewe. Yote kweli, na yaliniuma kwa kuwa ni kweli. Lakini mwaka 1881, katika Redgrave na Hurd, mtu aliuziwa nyumba pamoja na sehemu ya kazi ya uwakili kwa kuelezwa mapato yasiyokuwepo. Karatasi ambazo zingemfunulia ukweli aliwekewa mbele yake, hakuzichambua. Jaji Jessel alisema aliyempa mwenzake maelezo potofu hawezi kujitetea kwa kusema "ungejitahidi ungegundua." Ni tofauti kabisa na mnunuzi anayetuma watu wake kuchunguza jambo lilelile kisha akawategemea wao, huyo anakuwa ameliacha neno la muuzaji. Mimi mpima wangu alichunguza mpaka, hakuchunguza maji. Maji niliyachukua kwenye mdomo wa mzee.

Sehemu ngumu kuliko zote haikuwa ya sheria. Wakili aliniambia, "Kuanzia leo usipande. Usijenge, usiweke uzio, usiuze hata mche mmoja wa pale." Anayetaka kuvunja mkataba hawezi kuendelea kuishi kama mwenye mali, akiendelea baada ya kujua ukweli atahesabiwa ameukubali. Nami wiki zile tatu nilikuwa nimeendelea kupanga viriba, nikibeba maji kwa madumu kutoka kisima cha mbali, kwa kuwa sikuweza kuitazama michungwa ikinyauka. Upande wa pili waliliona hilo na wakalitumia. Wakili alisema kuokoa kilichokuwa kinakufa si sawa na kulikubali shamba, lakini sauti yake haikuwa na uhakika kama siku nyingine. Nikakodi gari dogo, nikaihamisha miche iliyokuwa bado na majani mabichi. Mingine niliiacha palepale kwenye mistari yake.

Hatukufika mbele ya jaji. Tulikaa na msuluhishi siku mbili, katika chumba chenye meza moja. Mzee alikuja na koti lake zuri. Alisema barua ya jirani ilieleza kwamba maji ya kutosha yataachwa yapite, naye aliamini. Niliombwa nisome barua ile kwa sauti. Sentensi hiyo ilikuwemo kweli, nusu ya pili ya ukurasa. Nilipoifikia nilisimama kidogo, kwa sababu ilionekana kama mtu mzima na akili zake angeweza kuiamini. Sijawahi kumwita mwongo, na siku ile niliona nilifanya vyema.

Akaniuliza moja kwa moja, akimruka msuluhishi: "Mwanangu, wewe unasema mimi nilikudanganya?"

"Mzee," nikamwambia, "nasema barua ulikuwa nayo mwezi wa nne, na namba yangu ya simu ulikuwa nayo."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hukuniuliza tena." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayejieleza mwenyewe.

Walikubali kulichukua shamba na kurudisha fedha kwa awamu tatu. Gharama za mpima na za wakili wa kwanza zikabaki kwangu, na msimu mzima umekwenda. Wapo wanaoniambia ningesimama hadi mwisho ningepata na fidia. Huenda. Nilikuwa na ujumbe mmoja wa simu na mdogo wangu kama shahidi, na upande wa pili walikuwa na saini yangu kwenye kifungu cha tisa na sentensi ile ya maji ya kutosha. Niliipima, nikachukua kilichokuwa mezani.

Sasa natafuta tena. Juma lililopita nilipelekwa kwenye shamba lenye chemchemi, na mwenyewe akaniambia haijawahi kukauka. Nilimwomba aniandikie, na aniandikie pia kama kuna barua au taarifa yoyote aliyoipokea juu ya maji yale, na kwamba ikija kabla ya saini atanijulisha. Alikunja uso, akasema nitafikiri. Bado nasubiri.

Siku ile ya usuluhishi tulipomaliza kusaini, mzee alinikuta nje. Akaniuliza miche mingapi imepona. Nikamwambia 160. Akatikisa kichwa, akaniuliza inanyweshewa wapi siku hizi.